Kwa nini waasisi wa Marekani hawakuiamini demokrasia tupu

Mwaka 1786 bunge la Rhode Island, jimbo dogo la Marekani, lililotawaliwa na wawakilishi wa wakulima waliolemewa na madeni, lilichapisha noti za paundi 100,000 na kuzikopesha kwa dhamana ya ardhi. Thamani ya noti ikaporomoka. Bunge likaagiza anayezikataa atozwe faini ya paundi 100, kisha likaongeza kwamba kesi hizo zisikilizwe haraka, bila jopo la raia wa kuamua kesi na bila rufaa. John Weeden, mwenye bucha mjini Newport, alikataa noti za mteja wake John Trevett, akashtakiwa. Majaji walipoitupa kesi, bunge liliwaita wajieleze, na mwaka uliofuata wengi wao hawakuchaguliwa tena.

Hakuna kura iliyoibwa hapo, na hilo ndilo la kutisha. Wengi walishinda kihalali, wakajipunguzia madeni, wakaziba njia ya rufaa, wakawabana majaji.

James Madison, mmoja wa waasisi, aliyajua mambo hayo alipoandika makala namba 10 ya Federalist, mfululizo wa makala za kuitetea Katiba mpya, Novemba 1787. Kwa maelezo yake, demokrasia tupu ni ya raia wachache wanaokutana na kujiendeshea serikali wenyewe. Wengi wao wakishikwa na tamaa moja, hakuna cha kuwazuia wasimkandamize aliye mnyonge. Kuua uhuru ili kuua makundi ya tamaa kama hayo aliona ni dawa mbaya kuliko ugonjwa. Akapendekeza uwakilishi, tena katika nchi kubwa, yenye maslahi mengi kiasi kwamba kuungana dhidi ya wachache kunakuwa kazi ngumu.

Katiba ya Marekani iliyotiwa saini Philadelphia Septemba 1787 inaongeza ucheleweshaji, ili wengi wasiweze kupitisha matakwa yao kwa pupa. Wananchi walichagua Baraza la Wawakilishi tu, kila miaka 2. Maseneta, wajumbe wa baraza la pili, walikaa miaka 6, wakichaguliwa na mabunge ya majimbo (hadi 1913), theluthi yao ikibadilishwa kila miaka 2. Hivyo hasira ya mwaka mmoja haikutosha kuiteka Seneti. Kura ya turufu ya rais hushindwa kwa theluthi mbili za kila baraza, na majaji hudumu mradi wana mwenendo mwema.

Naukubali ufundi huo, ila sikubali namna ulivyotumika. Wachache waliolindwa kwa nguvu zaidi walikuwa wenye watumwa: Bunge la taifa lilikatazwa kuzuia uingizaji wa watumwa kabla ya 1808, na kila watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu ili kuwaongezea mabwana zao viti katika Baraza la Wawakilishi.