Jamani, "to" ya Kiingereza si "ku-" ya Kiswahili

Nimelikuta tena, safari hii kwenye daftari la mwanafunzi wa kidato cha kwanza hapa Mtwara: kwa wino mwekundu, "to" ni "ku-", na chini yake jedwali refu. "To eat" ni kula, "to read" ni kusoma, "to go" ni kwenda. Aliyemwandikia alikuwa na nia njema kabisa. Maneno hayo hayo nimeyasikia kwa wazazi, kwa vijana wanaofundisha tuisheni za jioni, na kwa walimu wenzangu ambao wao wenyewe hawakosei infinitivu (umbo la kitenzi lisilo na wakati wala mtu, kama "to eat") hata ukiwaamsha usiku wa manane. Kila mara naambiwa ni njia ya mkato tu, mtoto ataelewa mbele ya safari. Haelewi. Anafika kidato cha nne anaandika "I can to swim" na "he made me to cry", na lawama tunamtupia yeye.

Jedwali lenyewe ukilisoma neno moja moja halina kosa. Balaa linaanza mtoto anapotunga sentensi, kwa sababu anafanya alichoambiwa: akiona ku- anaweka "to", asipoiona haweki.

Chukua sentensi nyepesi. Nataka kwenda Newala. Kiswahili kina ku- moja, nayo imegeuka kw- ndani ya kwenda. Kiingereza kina "to" mbili: "I want to go to Newala." Ya kwanza imeitwa na "want". Ya pili ni kihusishi, inaonyesha ninakoelekea. Mtoto wa jedwali anaona ku- moja, anatoa "to" moja: "I want to go Newala." Kanuni yetu ameitii.

Sasa geuza upande wa pili. Nimekula. Ku- hiyo imebaki pale kwa sababu shina -la ni fupi mno, kama -ja, -nywa na -fa, na mkazo unahitaji pa kukaa. Mtoto akiifasiri anapata "I have to eat", yaani lazima nile. Nakupenda: ku- hiyo ni wewe. Sikusoma: hiyo ni ya kukanusha wakati uliopita. Mtoto aliyetoka darasa la saba juzi, aliyesomeshwa kila kitu kwa Kiswahili na sasa anasomeshwa kila kitu kwa Kiingereza, tunamwachia azichambue zote hizo huku saa ya mtihani inakwenda.

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni lile ambalo kanuni hii haiwezi hata kuligusa, maana ku- yenyewe haipo.

Mama anataka nisome. Iandike ubaoni, waambie darasa waiseme kwa Kiingereza, kisha nyamaza usikilize. Utapata "My mother wants I read." Utapata "My mother wants that I read." Na kwa yule mwanafunzi makini anayekumbuka kwamba "want" hudai "to", utapata "My mother wants to read." Sentensi safi, sarufi yake haina doa, ila sasa anayetaka kusoma ni mama. Mwalimu mwenye rundo la madaftari mbele yake ataipigia vema apite. Makosa ya aina hii ndiyo yanayokaa miaka, kwa sababu hayaonekani.

Tukitaka mtu mwingine atende, sisi tunabadili mwisho wa kitenzi: nisome, aende, wapike, tusichelewe. Mtendaji anakaa humo humo ndani ya kitenzi. Kiingereza kinamtoa nje, kinamweka nyuma ya "want" kama yambwa, halafu ndipo kinaleta infinitivu: "My mother wants me to read." Hapo mtoto anabisha, na ana hoja: anayesoma ni mimi, mbona naitwa "me" badala ya "I"? Usimwambie akariri. Mwambie kwamba kwa Kiingereza mtu huyo yuko chini ya "want", na aliye chini ya kitenzi namna hiyo anavaa umbo la "me", "him", "her", "us", "them". Mpe dakika zake alitafakari. Kisha mpe sentensi za huku kwetu, nyingi, kwa mdomo kabla ya kalamu: chama cha msingi kimewaomba wakulima walete korosho zilizokauka, "asked the farmers to bring dry cashew nuts". Bibi alituambia tusiende ufukweni, "told us not to go to the beach". Hiyo ya mwisho irudieni mpaka mchoke, kwa sababu asipoizoea "not to go" atawaandikia "to don't go".

Wapo waliokwisha kuligundua jambo hili, wakatunga kanuni mpya: basi mwisho wa -e ndiyo "to". Nawaomba sana tusifanye hivyo. Alipendekeza tuondoke haiwi "suggested us to leave". Ni "suggested that we leave", na hapo Kiingereza kinakwenda karibu kabisa na sisi. Aliniruhusu niende ni "allowed me to go", lakini kwa "let" ni "let me go", bila "to", na maana ni ile ile. Kwa Kiswahili zote zina -e. Kwa Kiingereza kila moja ina njia yake, na kinachoamua ni neno lililotangulia. "Want", "ask", "tell", "allow" zinadai mtu kisha "to". "Let" na "make" zinadai mtu kisha kitenzi kitupu. "Suggest" na "insist" zinataka sentensi nzima, au umbo la "-ing", ila "insist" hutanguliza "on".

Kama unataka ushahidi kwamba "to" inatoka kwa jirani yake, itazame "make". "They made him repeat the year." Hakuna "to". Igeuze iwe ya kutendwa: "He was made to repeat the year." "To" imeingia, na "repeat" yenyewe haikubadilika hata herufi. Kiambishi cha kitenzi hakiji na kuondoka namna hiyo. Ku- ya kusoma huwezi kuipokonya kwa sababu tu kitenzi kilichotangulia kimegeuzwa.

Historia inasaidia kidogo hapa, ingawa darasani siifikishi. Kiingereza cha kale kilikuwa na infinitivu ya neno moja yenye mwisho wake, "drincan" kwa kunywa, na "to" ilikuwa kihusishi kinachoambatana na umbo jingine, "to drincenne". Miisho ile ilichakaa ikapotea, "to" ikaenea sehemu nyingi, lakini baada ya vitenzi kama "can", "shall" na "may" mtindo wa zamani ulibaki bila "to" mpaka leo. Ndiyo maana "I can swim" haina "to", wala haikuacha chochote njiani.

Kwa hiyo mimi naanza na kitenzi kitupu. "Go". Hakina wakati, hakina "-s", hakina mtu. Kinatumika baada ya "do", "did", "can", "must", "let me", na baada ya "to". Mwanafunzi akikishika hicho, "he did not went" na "he wanted to went" anaziona ni kosa moja. Na kosa hilo, tuseme kweli, Kiswahili hakihusiki. Alitaka kwenda haina wakati wowote ndani ya kwenda. Mtoto ameipata "went" kutokana na bidii yetu ya kumwambia kila siku kwamba habari ya jana lazima kitenzi kiwe cha jana. Nasikia pia Kimakonde kikilaumiwa. Kimakonde na Kiyao vina ku- kama Kiswahili. Kimakua kinatumia irabu bila k. Watoto wa Masasi, wa Tandahimba na wa mjini hapa wanakosea kwa namna moja, kwa sababu wote wamepewa jedwali moja.

Umbo la "-ing" nitalipitia kwa haraka, lingehitaji makala yake. Ku- yetu ni jina pia, ina ngeli yake: kuogelea kwake kunanifurahisha. Inabeba kazi ambazo Kiingereza kimezigawa mara mbili. Asante kwa kuja ni "thank you for coming". Baada ya kihusishi ni "-ing", basi. Na kwa kuwa "to" nayo yaweza kuwa kihusishi, "I look forward to hearing from you" ni sahihi, na wanaoisahihisha kuwa "to hear" kwenye barua za wanafunzi waache. Kisha kuna zile jozi zinazobadili maana. "He stopped to buy fish at Mikindani": alisimama akanunua samaki. "He stopped buying fish at Mikindani": siku hizi hanunui huko. "I remembered to spray the trees": nilikumbuka kupulizia mikorosho dawa, nikapulizia. "I remember spraying the trees": nakumbuka kwamba nilipulizia. Kwa mkulima mwenye ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, shambani tofauti hiyo ina uzito.

Vitabu vingi vitakwambia infinitivu hutazama mbele na "-ing" hutazama nyuma. Naifundisha kanuni hiyo kwa jozi hizo, na kila ninapoifundisha nina wasiwasi. "Suggest going", "consider going": safari haijafanyika, na bado ni "-ing". "Manage to finish": kazi imekwisha, na bado ni "to". "It began to rain" na "it began raining" hazitofautiani kwa lolote la maana. Kanuni inayoshindwa mara nyingi hivyo ni kidokezo tu, na wanafunzi wana haki ya kuambiwa hivyo mapema. Wala sina hakika kwamba orodha ndefu za vitenzi ukutani zinafanya kazi. Wanazikariri kwa mpangilio wa alfabeti, wakifika kwenye insha haziwajii. Kinachoonekana kusaidia ni kila kitenzi kipya kuingia daftarini kikiwa na sentensi fupi ya mwanafunzi mwenyewe: "refuse" iingie na "the buyer refused to pay", "avoid" iingie na "I avoid walking at noon".

Na tuwaruhusu Kiswahili dakika chache. Huwezi kumwonyesha mtoto kwamba nisome na "me to read" ni miundo miwili tofauti ikiwa umempiga marufuku kutamka nisome.

Mwisho, kwa wanaosahihisha: "help me carry the bag" na "help me to carry the bag" zote ni Kiingereza sahihi. "To really understand" nayo ni sahihi; ubishi wa kuitenga "to" na kitenzi ulipamba moto Uingereza karne ya 19, na sasa waandishi wazuri wanaitenga bila hofu. Msikate alama hapo. Zikateni kwa "My mother wants to read", mkishamuuliza mtoto ni nani hasa anayetaka kusoma.