Emile Ford, mwimbaji aliyekuwa fundi mitambo

Ukiwauliza wapenzi wa muziki wa zamani wa Uingereza nani alitamba mwaka 1959, watakutajia Cliff Richard na Adam Faith, labda na Billy Fury. Emile Ford hatajwi. Hilo linanikera, maana muongo wa 1950 ulifungwa na santuri yake: wiki sita namba moja kwenye chati ya Uingereza, kuanzia Desemba 1959 hadi mwishoni mwa Januari 1960. Anatajwa kuwa msanii Mweusi wa kwanza wa Uingereza aliyeuza nakala milioni moja za santuri moja. Hayo peke yake yangetosha kumwandika, lakini mimi kazi yangu ni mitambo ya sauti, na naamini wimbo ule ulifika pale kwa sababu aliyeuimba alikuwa fundi mitambo.

Jina alilozaliwa nalo ni Michael Emile Telford Miller. Alizaliwa Castries, katika kisiwa cha St Lucia, Oktoba 1937, na katikati ya miaka ya 1950 familia ikahamia London. Akiwa kijana akasoma katika chuo cha ufundi cha Paddington, huku akijifunza mwenyewe gitaa, piano, besi na ngoma. Kilichomshughulisha tangu mapema ni namna sauti inavyotoka kwenye spika.

London ya wakati ule haikuwa rahisi kwa mtu wa rangi yake. Mwaka 1958 vijana wa Kizungu waliwavamia watu wa Karibi mitaani Notting Hill, si mbali na Paddington. Mei 1959 Kelso Cochrane, mzaliwa wa Antigua, aliuawa kwa kisu katika eneo hilohilo. Miezi saba baadaye nchi nzima ilikuwa ikinunua wimbo wa kijana kutoka St Lucia. Watu wanaweza kuipenda sauti yako na bado wakakunyima chumba cha kupanga.

Sasa turudi kwenye kazi. Kumbi nyingi za dansi za enzi hizo zilikuwa na spika ndogo zilizofungwa kwa ajili ya matangazo: kumwita mtu mlangoni, kumtambulisha mpiga muziki anayefuata. Mwimbaji alipewa maiki iliyopitia hukohuko. Gitaa la umeme lilikuwa na amplifaya yake na ngoma hazihitaji umeme, kwa hiyo sauti ya mwimbaji ndiyo iliyozama. Ukiongeza nguvu ili asikike, maiki inasikia spika, spika inarudisha kile ilichosikia maiki, na ukumbi mzima unajaa ule mlio mkali ambao kila fundi anaujua. Dawa yake si kupandisha sauti. Ni kujua spika ikae wapi, ielekee wapi, maiki iwe karibu kiasi gani na mdomo, na masafa yapi ya sauti, ya juu au ya chini, uyapunguze. Ford aliyajali haya wakati waimbaji wenzake wengi waliridhika na chochote walichokikuta ukumbini. Akajitengenezea mitambo yake.

Mwaka 1958 alishirikiana na mpiga gitaa Ken Street, na kundi likaitwa Emile Ford and the Checkmates. Ndani yake walikuwamo ndugu zake wawili, George na Dave Sweetnam-Ford, mmoja kwenye besi na mwingine kwenye saksafoni. Julai 1959 wakashinda shindano la vipaji la Soho Fair. Kampuni ya rekodi ya EMI ikaja na mkataba, na Ford akaukataa. Sababu ni moja: kampuni haikumruhusu atayarishe rekodi zake mwenyewe.

Hapa naomba msomaji atue kidogo. Katika kampuni kubwa za Uingereza za wakati ule mtayarishaji aliajiriwa na kampuni, naye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu wimbo, mpangilio wa ala na hata wapigaji. Mwimbaji aliingia studio, akaimba, akaondoka. Kijana wa miaka 21 asiye na hata santuri moja sokoni, mgeni nchini, kukataa mlango ule kunahitaji mtu anayejua hasa anachotaka kukisikia. Kampuni nyingine ya rekodi, Pye, ikakubali masharti yake.

Wimbo wenyewe, “What Do You Want to Make Those Eyes at Me For?”, ulikuwa wa mwaka 1916. Aliurekodi kwa ajili ya upande wa pili wa santuri. Upande wa kwanza ulikuwa “Don't Tell Me Your Troubles”. Wasikilizaji wakaigeuza santuri. Kwanza ilifungana namba moja na Adam Faith, kisha ikabaki juu peke yake. Isikilize kwa spika nzuri: sauti ya Ford iko mbele kabisa, karibu na sikio, na waitikiaji wamekaa nyuma yake bila kumsonga. Wakati ule uwiano ulipatikana kwa kiasi kikubwa palepale wakati wa kurekodi, kwa kumsogeza huyu karibu na maiki na yule mbali.

Mwaka 1960 “On a Slow Boat to China” ikafika namba tatu na “Counting Teardrops” namba nne. Baada ya 1962 chati zikamtupa mkono.

Mwaka huohuo wa 1960 alikuwa ameanza kutumia muziki uliorekodiwa kwenye tepu huku yeye akiimba laivu jukwaani. Mwaka 1969 akafungua studio Barbados kwa msaada wa baba yake, kisha akahamia Sweden, ambako aliuendeleza mfumo huo wa jukwaani na kuusajili kwa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Kwetu neno pleibeki ni tusi, na mara nyingi ni haki, maana msanii anafungua mdomo na CD ndiyo inayoimba. Ford alifanya kinyume chake: tepu ilibeba ala, na sauti, ambayo ndiyo aliyoipigania tangu mwanzo, ilibaki hai. Wasanii wetu wanaopanda jukwaani na fleshi wangeanzia hapo: waombe kwa fundi wimbo usio na sauti yao ndani, kisha waimbe.

Alifariki London Aprili 2016, akiwa na miaka 78.