Kuba la Montreal, kabla halijachunwa ngozi

Postikadi za banda la Marekani kwenye Expo 67, yale Maonyesho ya Dunia ya Montreal, Kanada, hazina uhaba. Maonyesho yalidumu kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Oktoba 1967, na milango ikapitwa zaidi ya mara milioni 50. Wakusanyaji wengi huzipuuza kwa sababu hiyo. Mimi bado nazinunua, maana zinaonyesha kitu ambacho leo hata ukifunga safari mpaka Montreal hukioni.

Hii iliyo mezani imepigwa kutoka upande wa maji. Kuba, yaani banda lenyewe, jengo la mviringo kama mpira, limeijaza kadi karibu yote. Msanifu Mmarekani Buckminster Fuller na mwenzake Shoji Sadao walilisanifu kwa kipenyo cha mita 76 na kimo cha mita 62, kwa mabomba ya chuma yaliyoungwa pembetatu kwa nje na pembesita kwa ndani. Hakuna nguzo inayolishikilia. Paa na ukuta ni kitu kimoja, na uzito unapokezanwa bomba kwa bomba mpaka chini.

Sasa chukua lenzi. Kati ya chuma na chuma kuna mng'ao, na upande wa kushoto wingu limejiakisi. Hizo ni paneli za akriliki, plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Ndani yake palikuwa na mapazia ya pembetatu yaliyovutwa na mota kulifuata jua, ili watu wasiokwe humo. Mitambo ilisumbua, lakini kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu ya kisasa kuliko zote katika jengo lile. Siku hizi jengo linalojikinga jua lenyewe bado linatangazwa kana kwamba limevumbuliwa jana.

Chini kuna treni ndogo ya juu ya nguzo. Reli yake ilipenya kubani, kwa hiyo abiria walilichungulia banda la Marekani bila kupanga foleni. Sijui bango gani lingefanya kazi nzuri zaidi ya hiyo.

Tarehe 20 Mei 1976 mafundi walikuwa wakichomelea chuma katika ukarabati, moto ukaishika akriliki. Ngozi yote ikateketea kwa muda mfupi, mifupa ikabaki imesimama. Mwaka 1995 pakafunguliwa humo Biosphère, makumbusho ya mazingira, na kuba halikuvishwa tena. (Afadhali hilo lilibaki. Banda la Umoja wa Kisovieti, lililokuwa ng'ambo ya mfereji, lilifumuliwa likahamishiwa Moscow, na lile la pamoja la Afrika, walimokuwamo Kenya, Uganda na Tanzania, halipo tena.)

Kwa hiyo picha yenye mng'ao ni ya kabla ya moto. Ukiona mbingu moja kwa moja katikati ya mabomba, ni ya baadaye, muuzaji aseme asemalo.

Ila kabla ya moto si lazima iwe 1967. Baada ya Expo, jiji liliendeleza maonyesho kwenye visiwa vilevile ilikofanyika Expo, kwa jina la Terre des Hommes, na kuba likaendelea kupigwa picha likiwa na ngozi yake. Geuza kadi. Ile ya Expo yenyewe mara nyingi ina nembo ya maonyesho, iliyobuniwa na Julien Hébert: vijistari vya watu wawili wawili walioinua mikono, wamepangwa duara. Nembo inasaidia, lakini muhuri wa posta ndio unaomaliza ubishi, mradi tarehe yake isomeke.

Na stempu usiibandue. Umoja wa Mataifa ulitoa stempu zake za Expo 67 kwa thamani ya pesa za Kanada, na zilitumika kwa barua zilizotumwa kutoka banda lake pale maonyeshoni tu. Ukipata kuba lenye ngozi mbele, na nyuma stempu hiyo imegongwa muhuri unaosomeka, lipa bei uliyotajiwa.