Kengele ya kamera inayozimika usiku tu

Mzee mmoja wa Kigamboni alinipigia simu kuhusu kengele yake ya getini, ile yenye kamera. Mchana inamwonyesha mgeni vizuri kwenye simu. Ikifika saa moja jioni inazima, inawaka, inazima tena. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameshamuuzia ruta mpya ya intaneti. Nilipofika saa nne asubuhi, kengele nzima kabisa.

"Fundi, utasema nimekudanganya."

"Hapana mzee, nitarudi jioni."

Kengele nyingi za aina hii, zile za kuungwa kwa waya, zinataka transfoma ndogo, ile inayoshusha umeme wa nyumbani, ya volti 16 hadi 24 za AC (umeme wa mkondo geu). Kabla ya kugusa chochote, jua kwamba nyumba nyingi za kwetu zilizofungwa kengele zamani zimepelekewa volti 230 moja kwa moja mpaka kwenye kitufe cha getini. Ukifungua kitufe ukakuta waya mbili, usizipachike nyuma ya kamera. Zima breka, kisha pima hata kama umeizima, maana yale majina kwenye boksi la breka mara nyingi yameandikwa kwa kubahatisha. Na kama ndugu amekuletea kengele kutoka Marekani pamoja na transfoma yake, transfoma hiyo iache kwenye boksi. Ya kule ni ya volti 120. Kwenye umeme wetu itaungua, na harufu yake sebuleni haitoki leo wala kesho.

Transfoma ya mzee haikuwa na tatizo: volti 16, VA 30 (kipimo cha nguvu inayoweza kutoa). Nikachomoa waya kwenye kengele, nikazipima pale pale getini: volti 17.2. Hapa ndipo wengi tunapofunga begi na kusema umeme upo, kamera ndiyo mbovu. Lakini waya usiopitisha mkondo haupotezi volti, hata uwe mwembamba kama uzi. Kipimo kile kinakuambia tu kwamba haujakatika. Pima kengele ikiwa kazini: irudishie waya, iache ining'inie, weka mita ya fundi (multimeter) kwenye AC, gusisha ncha zake kwenye skrubu mbili za nyuma.

Jioni ile nikapata 15.3. Tukakaa kwenye benchi la mlinzi kungoja giza. Mara kamera ikalia *tik* ndani yake, kile kichujio cha lenzi kikihama, taa za infraredi, zile za kuonea gizani, zikawaka, na mita ikashuka mbele ya macho yetu: 14, 13, 12.6. Picha kwenye simu ya mzee ikaganda. Baada ya sekunde chache kengele ikazima, mita ikarudi 17.

Mzee akacheka peke yake. Ruta ya watu imeonewa.

Waya uliofukiwa ulikuwa wa simu, ule wa kipenyo cha milimita 0.5, na kutoka nyumbani hadi getini ni kama mita 40. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo hesabu 80. Nilizima transfoma, nikachomoa waya pande zote mbili, nikazisokota ncha za getini pamoja, nikapima ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme, kutoka ndani: omu 7 na kidogo. Mchana kengele inavuta kama robo ya ampea, unapoteza volti mbili tu. Usiku inavuta zaidi ya nusu ampea, na zaidi ya volti nne zinabaki njiani.

Bahati ni kwamba waya ule ulikuwa na nyuzi nne, mbili zikiwa zimelala bure. Nikaziunga mbili mbili, kila upande jozi yake, ukinzani ukashuka hadi omu 3.6. Taa za usiku zikiwaka, mita ilisoma 15. Kama kibandiko cha kengele yako kinaruhusu volti 24, transfoma ya 24 nayo inasaidia sana, kwa kuwa nguvu ile ile inahitaji mkondo mdogo.

Kwa walio karibu na bahari, fungueni pia maungio. Shaba iliyogeuka kijani chini ya tepu hufanya kazi ile ile ya waya mwembamba. La mzee nilikuta sisimizi wamehamia. Nikalikata, nikaliunga upya kwa solda.

Waya mnene wa milimita mraba 1.5 ameahidi kununua akijenga upya ukuta. Ruta mpya amempa mwanawe.