Hodi sita si sekunde sita

Nimeisikia tena juzi, mara ya tatu tangu msimu wa korosho uanze: "Kaka, si taimauti ya Linux ni sekunde sita?" Aliyesema ni mdogo wangu wa kazini, kijana hodari, ndiye anayetunza kompyuta za ghala moja hapa Mtwara. Nilinyamaza kwa sababu palikuwa na watu. Sasa hawapo.

Maana kwanza, upesi. Programu inapotaka kuongea na seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, kerneli, ambayo ni kiini cha Linux, mfumo unaoendesha mashine, hutuma pakiti (kifurushi cha data) ndogo iitwayo SYN, kisha husubiri. Jibu lisipokuja, huituma tena ileile. Mpangilio uitwao tcp_syn_retries ni idadi ya marudio hayo kabla kerneli haijakata tamaa na kuiambia programu kwamba muda umekwisha, ndiyo taimauti. Kwenye Linux idadi hiyo huja ikiwa 6. Basi, maana yake ni hiyo tu.

Nimesema idadi. Hakuna sekunde hata moja ndani ya hiyo 6. Sekunde zinakaa kwingine: baada ya SYN ya kwanza kerneli husubiri sekunde 1, ikirudia husubiri 2, halafu 4, 8, 16, 32, na mwisho 64. Jumlisha, utapata 127. Kwa hiyo "sekunde sita" za mdogo wangu ni dakika mbili na sekunde saba. Na hizo sita ni za kurudia. Ile ya kwanza kabisa haimo kwenye hesabu, hivyo SYN zinazotoka mlangoni ni saba. (Kuanzia kerneli 6.5 ya mwaka 2023, chache za mwanzo hutoka kila sekunde moja kabla ya kuanza kuzidisha. Mashine za pale ghalani ni za kabla ya hapo.)

Sisi tuliolelewa Mikindani tulifundishwa hodi tukiwa chuoni, bado wadogo wa kukaa mkekani: piga mara tatu, usipojibiwa, ondoka. Hakuna aliyewahi kuuliza "tatu" ni dakika ngapi. Ni mara tatu. Kati ya hodi na hodi unampa mwenye nyumba nafasi ya kujifunga kanga, na kila mtu anajua nafasi hiyo ni jambo jingine. Kerneli nayo ni mgeni wa namna hiyo, ila yake ni saba, na kila ikipiga moja inasubiri mara mbili ya ilivyosubiri kabla.

Kuna pia mlango unaojibu "hayupo". Seva ikiwa hai, lakini programu unayoitafuta haijaamka, hurudisha pakiti ya RST papo hapo, na kerneli haipigi hodi nyingine. Hiyo ni kukataliwa. Nimeona watu wakiliita jambo hilo nalo taimauti, wakaanza kuchezea tcp_syn_retries kwa tatizo ambalo mpangilio huo hauligusi kabisa. Taimauti ni kimya: hakuna karibu, hakuna hayupo. Barabara ya Dar ilipokatika Somanga Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, aliyetuma mzigo hakuambiwa na mtu kwamba hautafika. Alikaa tu akisubiri mpaka akachoka mwenyewe.

Neno lenyewe ndilo linaloniudhi zaidi. Vijana wengi walikutana na taimauti kwenye mpira wa kikapu kabla ya kukutana nayo kwenye kompyuta. Uwanjani mwalimu huiomba ili saa isimame, watu wanywe maji, wapange upya. Kwenye mtandao saa haisimami hata kidogo. Taimauti ni pale saa ilipofika mwisho. Ndiyo maana unamsikia mtu anasema "iongezee taimauti ipumue". Hakuna anayepumua. Anayeongezewa ni karani aliyekaa mbele ya skrini iliyoganda. Mimi nasema muda kwisha, na nikichekwa sijali, kwa sababu kwenye "muda kwisha" huwezi kusahau kwamba kuna muda, na kwamba unakwisha.

Halafu kuna kurudia na kujaribu upya, ambayo kwa Kiingereza cha mafundi yamerundikwa kwenye neno moja, ritrai, nasi tukalibeba lilivyo ilhali tulikuwa na mawili mazuri. Kurudia ni kazi ya kerneli: pakiti ileile, namba ileile ya mfuatano, kutoka mlango uleule wa mashine yako. Mgeni hajaondoka kizingitini. Kujaribu upya ni kazi ya programu: muunganisho wa kwanza umeshakufa, unaanzishwa mwingine kabisa. Mgeni alikwenda zake, akarudi baada ya alasiri. Programu ya mizani pale ghalani hujaribu upya mara tatu, na kila jaribio lina hodi zake saba. Mtu akiniambia "ritrai ni tatu", lazima nimuulize za nani.

Sasa kisa chenyewe. Mdogo wangu alitaka programu ikate tamaa baada ya sekunde kumi laini ya Dar ikianguka, karani aendelee kwa daftari. Nia njema. Akaandika 10 kwenye tcp_syn_retries. Siku kadhaa mambo yakaenda vizuri, kwa sababu laini ilikuwa nzima na hodi ya kwanza ilijibiwa. Asubuhi laini ilipoanguka, magari mawili ya magunia yalikuwa yamepanga nje. Karani alibonyeza kutuma, skrini ikaganda. Akasubiri. Akatoka kwenda kununua chai na maandazi, akarudi, bado imeganda. "Kaka, hii kitu imekufa?" Nikafungua tcpdump, programu ya kutazama pakiti zinavyopita, pembeni. SYN ya kwanza ya jaribio lile, kisha nyingine baada ya sekunde 1, baada ya 2, 4, 8, 16, 32, 64. Halafu 120. Halafu 120. Halafu 120 tena. Kerneli haizidishi bila kikomo. Ikifika sekunde 120 hubaki hapo. Pamoja na subira ya mwisho ni sekunde 607 kwa jaribio moja. Aliomba sekunde kumi, akapewa dakika kumi na nyongeza. Nilikaribia kucheka, ila madereva walikuwa wananitazama.

Mtu atauliza kwa nini kerneli izidishe badala ya kupiga hodi kila sekunde kama mtu mwenye haraka. Kwa sababu haiko peke yake mlangoni. Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley, yadi 400 tu, kasi ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Njia haikukatika. Mashine zilikuwa zinarudia kutuma vitu ambavyo bado vilikuwa njiani, vikajazana juu ya vilivyotangulia. Van Jacobson, mtafiti wa maabara hiyo, aliandika dawa yake mwaka 1988, na sehemu ya dawa hiyo ni kukisia vizuri muda wa kusubiri, na kuurefusha kila unapokosa jibu. Fikiria makompyuta yote ya maghala ya Mtwara na Lindi, seva imeamka sasa hivi, na yote yanaibishia hodi kwa sekunde ileile. Ingelala tena.

Hata ile sekunde 1 ya mwanzo ina umri. Zamani ilikuwa 3. Waraka wa RFC 6298 wa mwaka 2011, mmoja wa nyaraka za kanuni za mtandao, ndio ulioishusha, kwa kuwa mitandao ilikuwa imekuwa ya kasi. Na waraka wa RFC 1122 wa mwaka 1989 ulitaka hodi ziendelee kwa dakika tatu angalau. Waliouandika hawakuwa na magari ya magunia nje.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kushusha namba hiyo si dhambi. Ukiweka 2, subira ni 1, 2 na 4, jumla sekunde 7, karibu sana na ulichokitaka. Lakini hiyo ni sheria ya mashine nzima: SSH, njia ya kuingia mashine nyingine kutoka mbali, nayo itakata tamaa sekunde ya saba, barua pepe nazo, na siku laini inayumba bila kuanguka utashindwa kuingia kuirekebisha. Irudishe kwenye 6. Kisha fungua faili la usanidi la programu ya mizani. Kuna mstari wa muda wa kuunganisha ambao hatujawahi kuugusa. Hapo ndipo uandike 10. Ukijaribu kwa curl, programu ya kuita seva kwa amri, ni --connect-timeout 10. Hizo sasa ni sekunde.