Mti Mgumu Nao Hupasuka: Dhana Potofu Kuhusu Vyombo vya Miti ya Asili

Mteja anayerudisha bakuli lenye ufa husema karibu kila mara kwamba, kama kweli ule ungekuwa mti mgumu, usingepasuka. Katika dhana zote zinazozunguka kazi ya uchongaji hii ndiyo inayoharibu mali nyingi zaidi, na inachosha kuisikia hata kutoka kwa mafundi wanaopaswa kuwaelimisha wengine.

Ugumu wa mti na utulivu wake, yaani kutobadilika umbo unapokauka, ni sifa mbili tofauti. Mbao mbichi ina maji yaliyo huru ndani ya matundu ya seli, na mengine yaliyonaswa katika kuta za seli hizo. Yale ya kwanza yakitoka, mbao hupungua uzito tu. Lakini unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, kuta zenyewe huanza kupoteza maji, na hapo ndipo mbao inaponywea. Tena hainywei sawasawa: kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji zinazoonekana kwenye gogo lililokatwa hunywea karibu mara 2 ya inavyonywea kutoka kiini kuelekea magome, ilhali kwa urefu wa nyuzi hainywei kwa kiasi cha kuonekana. Gogo zima lenye kiini chake ndani halina namna ya kuvumilia tofauti hiyo bila kuchanika. Mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, hutoa maji polepole mno, hivyo nje hukauka na kukaza huku ndani kungali kubichi; mti wa namna hiyo unahitaji subira zaidi, wala si pungufu. Mninga, usiofikia mpingo kwa ugumu, unasifika kwa kutocheza sana hata hali ya hewa inapobadilika.

Kuanika mbao juani ili zikauke haraka ni kuukaribisha ufa huo huo. Gogo lipasuliwe katikati ya kiini mapema, ncha zake zipakwe nta au rangi nzito siku hiyo hiyo, kwa sababu maji hutoka kwenye ncha kwa kasi kubwa kuliko ubavuni, kisha vipande vipangwe kivulini penye hewa, vikitenganishwa kwa vijiti. Anayekereza bakuli la kipenyo cha sentimita 30 alikate kwanza likiwa bichi, aache ukuta wa unene wa sentimita 3 hivi, alipime kwenye mizani na kuandika uzito na tarehe kwa penseli kwenye kitako. Alipime tena kila wiki. Uzito ukikoma kushuka kwa wiki kadhaa mfululizo, bakuli litakuwa limejikunja na kuwa la duaradufu, na huo unene wa ziada ndio utakaomwezesha kulirudisha kwenye duara bila kulitoboa. Sijaona sababu ya fundi yeyote kukosa mizani, wala sikubali kwamba kugonga ubao kwa kidole na kusikiliza mlio kunatosha kujua kama umekauka.

Mafuta nayo hayazuii maji. Huchelewesha tu kuingia na kutoka kwake. Mafuta ya kupikia hayakauki kabisa, na mengi huchacha na kunuka. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuungana na oksijeni, jambo linalozalisha joto, kwa hiyo matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa yanaweza kuwaka moto yenyewe. Yatandazwe nje mpaka yakauke.

Wengine huomba mpini wa shoka uchongwe kwa mti mgumu kuliko yote. Mpini unahitaji mti unaostahimili mshtuko, wenye nyuzi zilizonyooka kutoka ncha hadi ncha. Nyuzi zikikatiza ubavuni, mpini utavunjikia hapo hapo, uwe wa mti gani.

Wapo pia wanaodhani kwamba vumbi la mti wa asili halina madhara kwa kuwa halina kemikali za kiwandani. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995, na vumbi la mvule hujulikana kwa kuwasha ngozi na kusumbua njia ya hewa. Barakoa ivaliwe tangu msasa wa kwanza, na isivuliwe mpaka vumbi litulie na kufutwa kwa kitambaa chenye maji.