Wapashtuni hawakupinga ukoloni kwa bunduki peke yake

Imezoeleka kudaiwa kwamba Wapashtuni, wenyeji wa Afghanistan na kaskazini-magharibi mwa Pakistan, ni watu wa vita kwa asili, na kwamba kila dola iliyowaingilia waliijibu kwa risasi. Ni kweli kwamba Waingereza, waliotawala India wakati huo, walipigana nao mara nyingi, lakini dai hilo linafuta mojawapo ya harakati kubwa za amani za karne ya 20.

Mwaka 1929 Abdul Ghaffar Khan, Mpashtuni mzaliwa wa Utmanzai, karibu na Peshawar, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifungua shule vijijini, aliunda harakati ya Khudai Khidmatgar, yaani Watumishi wa Mungu, ambao wanachama wake, wakivaa mashati mekundu, waliapa kutolipa kisasi, wakitegemea mafundisho ya Uislamu kuhusu subira. Tarehe 23 Aprili 1930, viongozi wao walipokamatwa, majeshi ya Uingereza yaliwafyatulia risasi waandamanaji wasio na silaha katika soko la Qissa Khwani mjini Peshawar, yakaua wengi; na, jambo linalostahili heshima kubwa, askari wa Kihindi wa kikosi cha Garhwal katika jeshi hilo la Uingereza walikataa kuwapiga risasi raia hao, wakahukumiwa vifungo.

Kuwaita watu hao wapenda vita ni dhuluma, hasa kwa kuwa sifa hiyo iliwafaa watawala wa kikoloni katika kuhalalisha adhabu za pamoja dhidi ya vijiji vizima. Wala ukandamizaji haukukoma Waingereza walipoondoka, kwani tarehe 12 Agosti 1948 wafuasi wa Ghaffar Khan walipigwa risasi tena huko Babrra, safari hii na vikosi vya Pakistan.